Tairi Gumu, Tairi Laini na Mwiba wa Misigiri

Ninyi mnaopita hapa Ihanja na baiskeli zenu nyembamba, mkinirushia shikamoo bila kukanyaga breki, leo nimekaa niwaandikie. Marahaba zenu mtazikuta humu humu.

Nimestaafu ufundi baiskeli. Kibanda changu cha mabati pembeni ya soko la Singida Mjini nimekifunga, nimerudi nyumbani kulima alizeti na kufuga kuku. Watu hudhani mtu akistaafu huwa amekwisha kujua mambo yake. Mimi nimestaafu nikiwa nimechanganyikiwa kuliko siku niliyoshika spana kwa mara ya kwanza, na kilichonichanganya ni tairi.

Msicheke. Mtu akichagua tairi la baiskeli anataka mambo matatu: lisimtikise, likimbie, na lidumu. Miaka yote ya kazi nilijua, au nilidhani najua, namna ya kuyapanga hayo matatu. Halafu akaja mjukuu wangu Rehema na mashindano yake ya kwenda Shelui, akaniuliza swali moja tu. Mpaka sasa ninavyoandika bado ninalo.

Nianze na Mzee Ntandu, maana ndiye aliyenijaza haya kichwani. Mzee Ntandu ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa Mnyaturu wa huku huku, mfupi, mkali, mwenye kidole gumba kipana kama kijiko cha mboga. Kipima upepo hakuwa nacho na hakukitaka. Alibonyeza tairi kwa gumba, kisha akalipiga kwa ukucha na kutega sikio. Likilia kwa sauti nyembamba, mteja aende zake. Likilia kwa sauti nzito, lirudi kwenye pampu. Mimi nilitega sikio pamoja naye muda mrefu bila kusikia tofauti yoyote, nikawa naitikia tu kwa kichwa kama muumini asiyejua maana ya dua. Siku moja nikaanza kuisikia. Sijui ni masikio yaliyofunguka au ni uongo uliozoeleka.

Alikuwa na sheria moja aliyoishika kuliko zote. Aliniambia, "Fundi hasemi sijui. Ukisema sijui, mteja anahamia kwa jirani." Kwa hiyo akiulizwa jambo asilolijua alichuchumaa, akalizungusha gurudumu polepole, akakohoa, akalitazama mpaka linasimama. Likisimama tayari ana jibu. Katika ufundi wake wote, huo wa kuzungusha gurudumu ndio nilioumudu upesi zaidi, na umenilisha.

Kuhusu tairi alikuwa na neno moja: gumu ndilo mwendo. Jaza mpaka gumba ligome. Na tulijaza kweli. Siku za mnada watu walikuja mapema, ule upepo wa Singida unakata masikio, tunawajazia tairi mpaka zinakuwa kama kuni. Wanakwenda kuzilaza baiskeli kwenye majabali yetu makubwa, wanaingia kutafuta mbuzi. Jua likishapanda na jabali likishapata moto, unasikia pa! Mbuzi wanaruka. Watu hawajatulia, pa! nyingine. Mzee Ntandu alikuwa anasema tairi za siku hizi mbovu. Zilipasuka kila mnada, na kila mnada tulizijaza vile vile, na hakuna aliyewaza kuhamishia baiskeli kivulini au kupunguza upepo kidogo. Basi shikeni hilo: upepo wa asubuhi ya baridi si upepo wa saa sita. Hilo angalau nina uhakika nalo.

Mteja mmoja tu ndiye aliyetukatalia, Mama Tatu wa hapa hapa Ihanja, muuza mayai. Mayai yake aliyapanga kwenye tenga juu ya makapi ya alizeti, akaendesha mwenyewe mpaka mjini. Tairi zake zilikuwa pana, za kizamani, na kila nilipomjazia alisimama pembeni, nikimaliza anabonyeza valvu na kupunguza. Nilimwambia anajichosha bure. Akanijibu bila hata kunitazama, "Fundi, wewe unajaza kwa ajili ya maneno yako. Mimi nabeba mayai."

Sasa sikieni kitu ambacho nilikiona kwa macho yangu na sikukiona. Mama Tatu alitoka Ihanja pamoja na wanaume wabeba vitunguu, wao wamejaza kama kuni, yeye tairi zimelala kidogo. Na alifika sokoni nao sawa, au mbele yao, wao wakiwa wameshika viuno. Nikasema tu moyoni kwamba mama huyu ana miguu. Kuwaza zaidi ya hapo sikuwaza, maana Mzee Ntandu alishasema.

Baadaye zikaja baiskeli za mtumba za mashindano, usukani umejikunja kama pembe za kondoo. Hapo ndipo namba zilianza kunitesa. Tairi la baiskeli nyeusi ya zamani liliandikwa ishirini na nane, nayo ni ukubwa wa gurudumu. Hizi mpya nazo zina ishirini na nane, lakini hiyo ni unene wa tairi. Ukiagiza kwa mdomo unaletewa kiroja. Njia yangu ni hii: usiamini namba uliyoambiwa kwa simu. Soma ubavuni mwa tairi lako la zamani, namba zote kama zilivyo, na pima kama jipya litapita katikati ya uma unaoshika gurudumu bila kugusa. Nimeona kijana amenunua tairi zuri pana, akafunga, likawa linasugua uma mpaka Iguguno, akafika limekuwa kipara upande mmoja.

Na msiweke tairi zuri nyuma. Najua ndivyo wanavyofanya wengi, kwa sababu nyuma ndiko kwenye mzigo na ndiko kunakolika. Lakini la nyuma likipasuka unayumba, la mbele likipasuka unakula lami. Zuri liende mbele.

Nisisahau miiba. Huku kwetu mwiba ni sehemu ya barabara. Wageni wakisikia tss, au wakiona mwiba umesimama kwenye tairi, wanashuka na kuung'oa palepale kwa hasira. Kosa. Mwiba ukiingia wenyewe ndio kizibo cha tundu lake, ukiung'oa umefungua bomba. Mwenyeji anauacha, anakwenda nao taratibu mpaka penye maji, gundi na kiraka, huko ndiko anakoung'olea. Na mwenye safari ndefu anaweka ndani ya tairi kipande kirefu cha tairi kuukuu, kizunguke gurudumu lote, kati ya tairi na tyubu. Kingo zake zichongwe kwa wembe mpaka ziwe laini kama karatasi, la sivyo zitaitafuna tyubu kabla mwiba haujafika. Nyunyiza na poda ya mtoto. Ni kazi ya kuudhi, lakini ukiifanya vizuri unasahau pancha.

Basi Rehema. Ni binti wa mwanangu Athumani, mwenye mashine ya kukamua alizeti pale mjini. Huyu binti baiskeli ilimwingia tangu akiwa mdogo, na kwa hilo nadhani mimi nina lawama. Zikatangazwa mbio za kutoka Singida Mjini kwenda Shelui, wasichana watatu wa kwanza waingie timu ya mkoa. Rehema alikuwa amejaribu mara nyingine akakosa. Safari hii baba yake alisema ni ya mwisho: asipoingia, baiskeli inauzwa na yeye anakuja kukaa kwenye mashine. Mteja wa baiskeli alikwisha kupatikana.

Nilimkasirikia Athumani, nikamwambia anamvunja mtoto moyo. Akasema, "Baba, mimi sina neno na mashindano. Naogopa ule mlima."

Kama hamjapita mlima Sekenke nieleweni hivi: ukitoka Misigiri kwenda Shelui ardhi inakatika, barabara inashuka kwa kona, na malori yanashuka nayo. Malori yakiteremka pale madereva wenyewe hunyamaza. Sasa mwanao anateremka juu ya tairi mbili zisizozidi upana wa kidole. Niliposikia hivyo hasira ikaniishia, nikabaki na woga wake na wangu.

Rehema akaja Ihanja, akapiga goti, shikamoo Babu, marahaba mjukuu wangu, akafungua mfuko. Ndani kuna jozi mbili za tairi. Jozi moja nyembamba, ya kujazwa mpaka igome. Nyingine pana zaidi, ya upepo wa chini.

"Babu, nifunge zipi?"

Mkono wangu ukaenda kwenye gurudumu wenyewe. Nikalizungusha, nikakohoa, likasimama, nikasema nyembamba, jaza mpaka mwisho, gumu ndilo mwendo. Rehema akasema ameona kwenye simu kwamba waendeshaji wakubwa wameziacha hizo, siku hizi wanafunga pana na wanapunguza upepo, na wanakimbia zaidi. Nikamwambia hiyo simu haijawahi kufika Misigiri. Akacheka. Ila nilipokuwa nacheka na mimi, nikamwona akilini Mama Tatu anashuka sokoni na tenga lake mbele ya wale wanaume wa vitunguu, nikaacha kucheka.

Sikulala vizuri. Asubuhi nikamwambia tukajaribu kama Mzee Ntandu alivyokuwa akijaribu ekseli ya gurudumu: unapanda kwenye mteremko, unaachia baiskeli bila kukanyaga pedali, inapokufa mwendo unaweka jiwe. Anayeendesha awe yule yule, akae vile vile, pahala pa kuachia pawe pale pale. Jiwe halina ushabiki.

Tukaenda mjini kwenye lami mpya, laini. Nyembamba zikapita jiwe la zile pana. Nikapata nguvu, nikaanza kusimulia. Rehema hakubisha, si mtu wa kubisha. Akasema tu twende kule nje ya mji kwenye lami ya zamani iliyochimbuka kokoto, maana barabara ya Shelui sehemu nyingi ndivyo ilivyo. Tukaenda. Pana zikapita jiwe la nyembamba, tena si kwa hatua moja. Nikasema ni upepo umemsukuma. Tukarudia, ikawa vile vile. Nikamwambia apunguze pumzi ya zile pana, nikitegemea zifie njiani nipate cha kusema. Zikaenda mbali zaidi! Tukapunguza tena, hapo zikafia karibu.

Nikakaa chini juu ya jiwe mojawapo. Kwamba tairi laini linakimbia, lakini likiwa laini zaidi halikimbii, na tairi gumu linakimbia lakini si huku, ni kule. Rehema akanieleza kwamba tairi gumu kwenye kokoto linarukaruka, na kila linaporuka linamrusha mtu juu badala ya kumpeleka mbele, wakati lile laini linaimeza kokoto na kuendelea. Nilimwelewa akiwa anasema. Aliponyamaza sikuelewa tena. Umri wote nimewajazia watu tairi za kurukaruka?

Tukakubaliana pana. Kisha tukagombana juu ya kile kipande cha ndani. Mimi nilitaka mbele na nyuma, kwa sababu ya miiba. Yeye hakutaka kabisa, kwa sababu ni kizito na kinalifanya tairi kuwa zito kuzunguka. Nikamwuliza kama mwiba nao atauambia habari za uzito. Mwisho tukakutana katikati: nyuma nitaweka, mbele hapana. Nilikichonga mwenyewe kwa wembe siku nzima, kingo zikawa laini mpaka ukipitisha kidole huzisikii. Lakini hapo niseme ukweli, siku hizi gumba langu halisikii mengi. Alipojaza upepo nilibonyeza, nikawa kama nimebonyeza ukuta. Akapima kwa kipimo chake. Nikapiga kwa ukucha, nikatega sikio. Nilisikia kitu, ila sikujua ni nini.

Siku ya mbio mimi na Athumani tulitangulia Shelui kwa pikapu yake. Tukasimama penye malori, Athumani akanunua mahindi ya kuchoma akayashika mkononi mpaka yakapoa. Kila lori lililotokea upande wa mlimani alilitazama usoni kama anayetaka kuliuliza. Mimi nilikuwa nalaumu tairi pana kimoyomoyo, kisha nalaumu kile kipande, kisha najilaumu kwa kutokiweka na mbele.

Wa kwanza akatokea. Nikainama kuangalia tairi zake: nyembamba. Moyo ukaniuma. Wa pili akaja, nikaangalia: pana. Sikujua hata niumie au nifurahi. Baada ya hapo barabara ikawa tupu. Malori mawili, mbuzi, bodaboda, hakuna baiskeli. Athumani alianza kutembea kuelekea mlimani, nikamwita asimame, hakusikia.

Kisha tukamwona Rehema. Amesimama juu ya pedali, hajakaa, amejisogeza mbele kabisa juu ya usukani, na tairi la nyuma limelala. Nyuma yake kuna msichana mwingine anakuja kwa kasi. Athumani akaanza kukimbia kando yake na viatu vyake vya dukani. Rehema akapita mstari akiwa wa tatu. Yule mwingine akapita akiwa karibu kumgusa.

Athumani alimshika mabega, akamgeuza mbele na nyuma, akitafuta mahali palipochubuka. Hapakuwapo. Ndipo akakaa chini barabarani, akalia mbele za madereva. Sikuona aibu yake, na yeye hakuiona.

Alipopata pumzi Rehema akatusimulia. Karibu na Misigiri lori liliwasukuma kando, watatu wakashuka kwenye vumbi, wakarudi barabarani, na kila mmoja akaanza kusikia ta, ta, ta, mwiba unagonga lami kila gurudumu likizunguka. Wenzake wawili walisimama wakaing'oa, na huko huko walibaki. Yeye alikumbuka maneno ya nyumbani, akauacha. Lakini mwiba haukuziba sana. Alipofika Sekenke alisikia nyuma panalainika, akajua kwamba kona ya kwanza itamtupa. Badala yake tairi likashika lami, akapita kona ya kwanza, na ya pili, akawapita wasichana wawili walioogopa na kushika breki. Alipofika chini ndipo likaanza kulala kabisa.

Nikaomba koleo kwa dereva mmoja, nikaung'oa mwiba. Tairi likatoa pumzi yote iliyobaki. Nikalifungua. Mwiba wa mgunga, mrefu, ulipita tairi, ukapita kile kipande changu, na kwenye tyubu ulikuwa umegusa kwa ncha tu.

Athumani akafuta uso, akachuchumaa karibu yangu. "Sasa Baba, kilichomfikisha ni upana wa tairi, au hicho kipande, au huo mwiba kuachwa?"

Nikawaza. Bila kipande, mwiba ungeingia mpaka shinani na angebaki Misigiri. Bila kipande pia angekuwa mwepesi, pengine angekuwa mbele na lori lisingemkuta. Bila mwiba tairi lingekuwa gumu pale Sekenke, pengine lingemrusha. Au lisingemrusha. Na yule wa kwanza aliyeshinda kwa tairi nyembamba nimweke wapi? Kila nilipokamata jibu, lingine lilichomoka.

Rehema naye hakunipa nafasi. "Babu, timu ya mkoa nikaende na zipi?"

Mkono wangu ukaenda kwenye gurudumu, kama kawaida yake. Nikalizungusha. Lakini tairi lilikuwa limening'inia nje ya rimu, likapiga uma, pwata, pwata, likasimama hata sijakohoa. Wote wawili wananitazama wakisubiri.

"Sijui," nikasema.

Nilingoja waende kwa jirani. Hakuna aliyeondoka. Rehema aliitikia kwa kichwa taratibu kama mtu aliyepewa jibu, akauliza barabara za huko watakakokimbia ni laini au ni za kokoto, nikamwambia hilo nalo sijui, itabidi atafute mteremko wa huko na mawe. Athumani akainuka. Baiskeli ile ile aliyokuwa ameitafutia mteja akaibeba kwa mikono miwili, akailaza nyuma ya pikapu juu ya magunia matupu, taratibu, kama anayepakia mayai.